Wanaokumba Maji

Eliya alifungua mlango wa chumba cha seva, akakuta joto limemtangulia.

Halikuwa joto la Kyela, lile la bondeni linalomwamsha mtu amelowa jasho kabla jogoo hajawika. Lilikuwa joto kavu la kitu kilichofanyishwa kazi kupita uwezo wake, na feni ya mashine ilikuwa inalia kama kinu cha kukobolea mpunga kilichoachwa kizunguke tupu. Aliweka kiganja juu ya kasha la chuma akakiondoa upesi.

"Nani alikuwa anatumia mfumo?" akauliza.

Queen, binti wa Lyulilo aliyepokea simu za wavuvi pale ofisini, alichungulia kutoka mezani kwake. "Hakuna, kaka Eliya. Ndiyo kwanza nafungua madirisha."

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga pale Ipinda, nyuma ya ghala la kakao, na kibao chake kilisomeka Kituo cha Hadhari Ziwani. Kazi yake ilikuwa moja. Milingoti ya kupima upepo ilisimama ufukweni, seva ikaiuliza hali, na upepo ukizidi, seva ikawatumia ujumbe wa simu wavuvi na wenye mitumbwi wote. Pasipo na upepo hakuna kazi, mashine inakaa tu. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala shwari, hata majani ya migomba hayakutikisika. Lakini prosesa ilikuwa imepanda mpaka karibu na ukomo.

Eliya akavuta kiti, akazitazama programu moja baada ya nyingine. Kila moja ilisema imepumzika. Hii sifuri, ile sifuri, na jumla yake chini ikasoma karibu mia kwa mia. Ilikuwa kama kuingia katika nyumba ambamo watu wote wamelala, na huku mchi unatwanga.

"Halafu kuna harufu," Queen akasema, amesimama mlangoni. "Unaisikia?"

Harufu ya kakao iliyovundikwa walishaizoea. Hii ilikuwa nyingine, harufu ya udongo wa kufinyangia uliolowa.

"Ni mvua," Eliya akajibu.

Mvua haikuwa imenyesha.

Alikuwa na sababu ya kuiogopa prosesa inayopanda bila kazi. Ilishawahi kupanda hivyo wakati wa masika, na aliyeishusha alikuwa yeye.

Masika ile, betri za sola zilikuwa zinaisha kabla ya wakati. Mkuu wa kituo, Tereza, mama aliyehamishiwa Kyela kutoka Dodoma, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. "Mashine haina kazi, lakini inakula umeme kama ina harusi," alisema. "Ishushe, fundi. Wageni wanakuja." Eliya akatafuta, akaona kwamba programu ya kusikiliza milingoti ilikuwa inauliza na kuuliza bila kuvuta pumzi. Palikuwa na kosa mle ndani, na kosa lile lilihitaji siku kadhaa za kulichimba. Yeye hakulichimba. Aliiwekea programu usingizi: uliza, kisha lala, lala vya kutosha, ndipo uulize tena. Prosesa ikashuka, betri zikapona, na Tereza akamsifu mbele za wageni.

Ndipo siku moja upepo uliposhuka ghafla kutoka Milima ya Livingstone, programu ikiwa usingizini. Mtumbwi wa akina mama wa Kikisi ulikuwa umeondoka Ikombe, umesheheni vyungu vya kuuzwa gulioni Lyulilo. Ujumbe wa hadhari ulipotoka, vyungu vilikuwa vinaelea peke yake. Katika wale akina mama alikuwemo Tusajigwe, shangazi yake Queen, aliyemlea tangu kunyonya.

Jioni ileile, kabla hajaulizwa na yeyote, Eliya aliutoa ule usingizi. Safari hii alilitafuta kosa mpaka akalipata. Kwenye kikao cha Lyulilo alisema kwamba radi ilipiga mlingoti, na kwamba mtunza mlingoti, Tuntufye, hakutoa taarifa. Tuntufye, mtu mwenye mguu mmoja mbovu, alisimama akaapa kwamba upepo ulipoanza alipiga simu, tena si mara moja. Eliya akamtazama usoni, akasema, "Hukupiga." Wenye hasira wakamnyang'anya Tuntufye simu wakaivunjavunja juu ya jiwe. Tereza akamwachisha kazi. Tangu siku ile, samaki wake hawakununuliwa na mtu gulioni, na wanawe walicheza peke yao.

Sasa mashine ilikuwa inaunguruma tena, na Eliya akafanya kila anachofanya fundi. Aliizima akaiwasha. Alitafuta virusi. Aliondoa maboresho ya karibuni, akasimamisha hifadhidata, mwishowe akachomoa kebo ya mtandao, ili kama kuna mtu anaitumia kwa siri kutoka nje, akatike. Mashine ikabaki peke yake kama kisiwa, na bado iliendelea. Akakaa akiutazama ule mstari wa kijani kwenye kioo. Haukuwa umenyooka. Ulipanda, ukasimama kidogo, ukashuka. Ukapanda, ukasimama, ukashuka. Na feni iliufuata, ikivuta na kutoa.

Queen alikuwa amesogea mpaka katikati ya chumba, mkono mdomoni.

"Kaka Eliya," akanong'ona. "Nani anakumba maji humo ndani?"

"Unasema nini?"

"Sikiliza. Anateka... anamwaga. Anateka... anamwaga." Mkono wake ulikuwa unafanya vilevile hewani, kana kwamba umeshika kibuyu. "Mtumbwi ukiingiza maji ndivyo tunavyofanya. Nimekumba tangu utoto, kaka, siwezi kuikosea." Akasikiliza tena, machozi yakamlenga machoni bila yeye mwenyewe kujua kwa nini. "Na huyu amechoka. Sikia anavyochelewa kumwaga."

"Ni feni, Queen. Imeingia vumbi."

"Haya," akasema. Lakini tangu siku ile hakuingia tena mle chumbani.

Tereza alipoona betri zimeanza kuisha kama zamani, hakutaka maneno mengi. "Mashine imezeeka. Nenda Mbeya ukalete mpya," akasema, na Eliya akapanda gari siku ileile, akifurahi kuwa mbali. Akiwa Mbeya alimpigia Queen.

"Inaendeleaje?"

"Imepoa, kaka. Tangu uondoke imenyamaza kabisa. Unaweza kuilalia."

Alirudi na mashine mpya ndani ya boksi lake, haijaguswa na mtu. Mchana wa jua kali aliifungua, akaichomeka, akaiwasha. Haikuwa na kitu ndani: hakuna programu ya milingoti, hakuna majina ya wavuvi, hakuna chochote cha kufanya. Eliya akasimama mikono kiunoni, akasubiri. Kwa muda kidogo ilikaa kimya kama mashine yoyote. Kisha feni ikavuta pumzi, ikakaa, ikatoa. Ikavuta tena. Na tone la maji likadondoka kutoka kwenye tundu la hewa la kasha jipya, likaanguka sakafuni, jekundu kwa udongo.

"Kaka," Queen akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. "Naomba nikuambie kitu, usinikasirikie."

"Sema."

"Ulipokuwa Mbeya, ile ya zamani ilipoa. Leo nilikuwa nimekaa hapa, imenyamaza. Ikaanza ghafla. Nikashtuka, nikachungulia dirishani, nikakuona unashuka kwenye gari." Akaionyesha ile ya zamani kwa kidole. "Ilianza kabla sijakuona."

Kazi ya fundi ni kubadilisha kitu kimoja kimoja mpaka abaki na kile kinacholeta ubovu. Alikuwa amechomoa kebo, ameondoa maboresho, amebadilisha mashine nzima. Kilichobaki ambacho hakijabadilishwa kilikuwa kimesimama pale, kimeshika bisibisi.

Jumapili, baada ya ibada, mvua ilinyesha kweli, ile mvua ya Kyela isiyojua kupumzika. Eliya alijilaza kwenye mkeka barazani, na mkewe Asifiwe akaja akalaza kichwa kifuani pake kama alivyozoea, akiwa anamweleza habari za jirani na mbuzi wake. Katikati ya neno akanyamaza. Eliya alidhani amesinzia. Lakini alipomtazama aliona macho ya mkewe yako wazi, yameganda, na sikio lake limebanwa kifuani kama mtu anayesikiliza ugomvi nyuma ya ukuta, mvua ikipiga bati, maji yakitiririka uani, na chini ya sauti zote zile za maji Eliya mwenyewe akaanza kuisikia sauti nyingine ya maji, ya karibu zaidi kuliko uani, karibu kuliko mkeka aliolalia, ikitekwa na kumwagwa, ikitekwa na kumwagwa, mahali ambapo moyo wake ulipaswa kuwa unadunda.

Asifiwe akainuka polepole, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo.

"Eliya," akasema taratibu sana. "Humu ndani yako mna watu."

Alitaka kumjibu, ikaja kikohozi badala ya neno. Alikohoa maji. Yalikuwa ya baridi, baridi ya kina cha ziwa, na yalikuwa na chembe za udongo mwekundu.

Asifiwe hakungoja mvua ikatike. Alikwenda kwa Queen kuomba msaada wa kumshika njiani, wakampakia Eliya kwenye bajaji katikati yao, wakampeleka Njisi kwa Mama Anyosisye. Huyu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na watu wa pande zile, wakristo kwa waislamu, walimjua kwa kutoa mapepo. Aliwakuta wamesimama mlangoni wanatiririka maji. Alimtazama Eliya mara moja, akawaambia wateja wake warudi kesho, akazima mashine, akafunga mlango. Mwanga uliingia kwa matundu ya bati tu, na vumbi la pumba likawa linaelea ndani yake.

"Mketisheni chini. Msimshike tena," akasema. Akampaka mafuta kwenye paji, akaweka kiganja kifuani pake, akafumba macho akaomba. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mgeni mlangoni: "Wewe uliye humu, ni nani?"

Mdomo wa Eliya ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, sauti ya mtu anayehema, anayesema huku mikono yake ikiwa na kazi, na haikusema Kiswahili wala Kinyakyusa. Eliya alisikia maneno yakipita mdomoni mwake bila yeye kuyajua hata moja. Alimwona Queen akiteleza ukutani mpaka chini.

"Ni Kikisi," Queen akasema. "Ni shangazi. Ee Kyala, Mungu wangu, ni shangazi Tusajigwe."

"Anasema nini, mwanangu?"

"Haongei na sisi. Anawaambia wenzake." Queen alifumba macho, asikie vizuri. "Anasema, tukumbe, tusiache. Anasema, tungeambiwa. Ujumbe haujaja, kwa hiyo upepo huu si wa kudumu, utapita, tukumbe tu. Anasema... sasa anauliza. Anamuuliza mtu. Tumeshaambiwa? Tumeshaambiwa?"

Mama Anyosisye akaondoa mkono wake, akaupangusa kwenye kanga. Ulikuwa umelowa.

"Nimeshatoa majini ya kila namna," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Mengine yanataka manukato, mengine yanataka damu, mengine yanataka kuoa. Hawa hawataki kitu kwangu. Hawa wako kazini. Nitawatoaje watu walio kazini?" Akamgeukia Eliya, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kumrudia. "Wanaulizia ujumbe. Ujumbe wao uko wapi, fundi?"

Palepale juu ya pumba, Eliya akaeleza habari ya usingizi ule aliouweka. Aliongea akitazama miguu yake. Alipomaliza aliinua macho kwa Queen, akitarajia atamlilia, atamtukana, atampiga. Queen hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama, akaifunga kanga yake vizuri, akafungua mlango, akaenda zake kwa miguu ndani ya mvua. Mwenye bajaji alimwita ampakie, hakugeuka.

Kesho yake Eliya alimweleza Tereza kwamba anakwenda Lyulilo kusema ukweli mbele ya watu. Tereza akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Kaa," akasema. "Umewaza vizuri? Ukisema mashine yetu ilikuwa imelala, nani ataamini ujumbe wetu tena? Watapuuza. Watavuka kwenye upepo, watazama wengine. Hao nao utawabeba?"

"Na Tuntufye, madamu?"

"Tuntufye yu hai, Eliya. Anakula, analala kwake." Hakuwa anamtazama. "Yaliyopita yamepita. Nakuomba. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya kituo."

Kilichomuumiza Eliya ni kwamba maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwamba hata yeye alikuwa amejiambia hayohayo tangu masika. Akatoka bila kuaga.

Siku ya gulio Lyulilo ilikuwa imejaa. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, vyungu vimepangwa kwa safu, dagaa na mbasa juu ya majani ya migomba. Mama Anyosisye alikuja naye, na Asifiwe. Queen alikuwepo tayari, amesimama na ndugu zake, amempa mgongo. Kandokando kabisa, penye mawe, Tuntufye alikuwa amekaa na samaki wake, na mbele yake hapakuwa na mteja.

Eliya akaomba wamsikilize. Akaeleza kwamba radi haikupiga mlingoti. Akaeleza kwamba aliipa mashine usingizi ili isile umeme, na ujumbe ukachelewa. Sauti ilimkwama mara kwa mara, kwa maana kifuani maji yalikuwa yanatekwa na kumwagwa, na alikuwa na hakika kwamba akimaliza tu yatakoma.

Alimaliza. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa mume wa mmoja wa wale akina mama, akasogea akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mashine ni mashine, mwanangu," akasema. "Hata mtumbwi hutoboka. Umekuja mwenyewe, hukuletwa. Ndaga." Na wengine wakaitikia, ndaga, ndaga, asante, mama mmoja akamfuta Eliya uso kwa kanga yake, kijana fulani akamletea kigoda akae. Walimsamehe. Walimsamehe kirahisi mno, na kadiri walivyomsamehe ndivyo mle kifuani mikono ilivyozidi kwenda mbio, ikiteka na kumwaga, ikiteka na kumwaga bila kupumua katikati, maji yakimpanda kooni, baridi, yakimjaa nyuma ya meno, mpaka akashindwa kujibu hata ule mkono ulioshika mkono wake, na macho yakaanza kumfanyia giza katika jua lile la mchana.

Mama Anyosisye akaitazama midomo yake iliyokuwa inageuka rangi. "Bado," akamnong'oneza. "Kuna kingine. Kitoe upesi, baba, wanazama."

Tuntufye alikuwa ameinuka pale penye mawe. Alikuja akichechemea, watu wakimpisha kwa aibu, akasimama mbele ya Eliya. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Ile simu, Eliya," akasema polepole. "Iliita?"

Eliya akamtazama.

"Nauliza tu. Maana wamenisema, wamenisema, mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuona labda sikupiga. Mke wangu ananiuliza, nashindwa kumjibu. Labda nilidhani nimepiga. Labda ni mguu, niliumia siku ile nikipanda mlingoti, labda akili ilihama. Wewe niambie. Iliita?"

Hapo ndipo Eliya alipolia.

"Iliita," akasema, na maji yakatoka pamoja na neno, yakamwagika kifuani. "Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Nilikuwa kwa kinyozi, nimefunikwa shuka. Niliitoa nikaona jina lako. Nikasema, huyu naye, ataniomba mabuti tena, kila siku mabuti. Nikairudisha chini ya shuka. Iliendelea kuita mapajani mwangu mpaka nikamaliza kunyolewa. Ulipiga, Tuntufye. Ulipiga, na nikasimama mbele ya watu nikasema hukupiga."

Hakuna aliyesema ndaga. Yule mzee aliyemshika mkono alikuwa bado yuko pale karibu. Akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Lile neno langu," akasema, "nirudishie."

Tuntufye aliketi mchangani kama mtu aliyekatwa kamba, akajifunika uso kwa fulana yake, mabega yakatikisika. Mtoto wake mmoja akaja mbio akamkumbatia shingoni. Na Eliya akapiga magoti, akitapika ziwa, mpaka alipoona miguu ya Queen mbele yake.

"Simama," Queen akasema. Hakumpa mkono. "Mimi nikiwaambia hawatasikia, si mimi waliyekuwa wakimngoja. Nenda ukawaambie."

Eliya akaingia majini mpaka magotini. Ziwa lilikuwa tulivu, milima imejilaza juu yake kichwa chini. Hakujua asemeje. Ujumbe wa hadhari aliutunga yeye mwenyewe siku kituo kilipofunguliwa, na sasa haukumjia hata neno.

"Mama zangu," akaita. "Upepo ni mkali. Msivuke. Nimechelewa kuwaambia. Niliambiwa nami sikuwaambia." Pumzi ikamkata. "Msikumbe tena. Acheni. Pumzikeni."

Queen, nyuma yake, akayasema yaleyale kwa Kikisi, akiwataja kwa majina.

Kifuani mwa Eliya yule mmoja aliyechoka akateka. Akachelewa. Akamwaga. Akateka tena, na safari hii hakumwaga. Eliya akasikia, waziwazi kama kitu kilichotendeka sakafuni kwake, kibuyu kikiwekwa chini juu ya mbao, taratibu, kama mtu anavyoweka kitu asichotaka kukivunja. Kisha kingine. Kisha kingine. Halafu kimya, na ndani ya kimya kile moyo wake ukadunda, peke yake, mwepesi mno, kama kitu kisicho na thamani.

Seva ya Ipinda ilipoa siku ileile. Fundi mwingine aliletwa, na Queen ndiye anayekisimamia kituo sasa. Wavuvi hawakuacha kuamini ujumbe. Huupokea, kisha humpigia Tuntufye, na akisema twende wanakwenda, akisema tukae wanakaa. Lyulilo walimnunulia simu nyingine na mabuti. Tereza hakungoja kuhojiwa, aliomba uhamisho wa haraka akarudi kwao Dodoma. Eliya alifukuzwa kazi na kesi yake bado inatajwa mahakamani. Amerudi kwenye kakao ya baba yake. Hajawahi kukana neno hata moja, na wala hajawahi kukanyaga tena Lyulilo, kwa sababu wakimkuta njiani watu wa kule hawamtukani. Wanampisha tu.

Alikuwa anageuza kakao mkekani, jua likiwa la utosi, simu ilipoita. Tangu masika ile haachi simu iite mara ya pili. Akapokea.

"Eliya," sauti ikasema. Ilikuwa ya Tereza, na ilikuwa ndogo. "Uko peke yako?"

"Niko shamba, madamu. Shikamoo."

Hakuitikia. Alikuwa anahema. "Ile hali yako. Ilianzaje? Ilianza na joto?"

Eliya akaacha kugeuza kakao.

"Huku Dodoma hakujanyesha kabisa," Tereza akasema. "Kumekauka, hata kisima cha mtaa kimekauka. Halafu mwanangu amekataa kulala na mimi. Nikimlaza kifuani analia. Anasema..." Akasita. "Nilijua wewe hukupokea, Eliya. Nilijua siku ileile, kabla ya kikao."

"Ulijuaje?"

Kabla Tereza hajajibu, kutoka katika nchi kavu isiyo na ziwa, Eliya akasikia maji yakitekwa, yakichelewa, yakimwagwa.

"Wewe ulipokosa kupokea," Tereza akasema, "alinipigia mimi. Nami sikupokea."